Huntha si Hanithi

SWALI: Mjukuu wangu amezaliwa na viungo vya uzazi ambavyo mkunga hakuweza kuamua kama ni vya kike au vya kiume. Daktari alimwita huntha, jirani akasema hanithi, na mwanangu ameandika "jinsia mbili" katika daftari la kliniki. Tumwiteje bila kumvunjia heshima?

JIBU: Shikamoo Bibi, na hongera kwa kupata mjukuu. Neno la daktari ndilo sahihi. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsi yasiyolingana kikamilifu na ya kike wala ya kiume, yawe ni viungo vya nje, tezi za uzazi au kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli. Hanithi limetoka katika mzizi huohuo wa Kiarabu, ndiyo maana wengi huyachanganya, lakini kwa Kiswahili humtaja mwanamume asiye na nguvu za kiume, tena mara nyingi kwa kutukana. Tafadhali mkanyeni jirani asilirudie mbele ya mtoto.

"Jinsia mbili" hupotosha, kwa kuwa msikilizaji hudhani mtoto ana viungo kamili vya pande zote mbili, vyote vikifanya kazi, jambo ambalo sivyo lilivyo. Isitoshe, maumbile huitwa jinsi. Jinsia huhusu nafasi ya mtu katika jamii.

Hata madaktari wamebadili lugha. Mwaka 2006, baada ya mkutano uliofanyika Chicago, wataalamu waliliacha jina la kale, "hermaphrodite", lililotokana na mtoto wa Hermes na Aphrodite, miungu ya Wagiriki wa kale, wakapendekeza "matatizo ya ukuaji wa jinsi". Huntha wengi walikataa kuitwa tatizo, nami nawaunga mkono. Ndiyo sababu siku hizi wengi husema "tofauti za ukuaji wa jinsi".

Kwa usahihi zaidi, mjukuu wako ni huntha aliyetambuliwa alipozaliwa, kwa maana wapo wasiotambuliwa hadi balehe, kama msichana asiyepata hedhi ambaye vipimo huonyesha kuwa ana kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida huwa za wanaume.

Mwanao na afute maneno yale, aandike: "Huntha, vipimo vinaendelea." Vipimo hivyo msivicheleweshe hata kidogo, kwani mojawapo ya sababu za hali hii ni hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo huweza kumpotezea mtoto chumvi mwilini katika wiki za mwanzo, na akianza kutapika na kulegea, mpelekeni hospitali saa ileile.