Unaanza kupiga picha za ubongo wa samaki? Jua kwanza umri wa kiinitete

Wewe unayeingia maabara kwa mara ya kwanza, najua hamu yako yote iko kwenye hadubini. Lakini picha nzuri huanzia kwenye sahani ya mayai, na swali la kwanza ni hili: kiinitete hiki kimefikia hatua gani?

Umri wa samaki pundamilia, Danio rerio, huhesabiwa kwa saa tangu yai liliporutubishwa, maji yakiwa na nyuzi 28.5. Sasa fikiria Nairobi mwezi wa Julai. Chumba kina baridi, stima imepotea usiku, inkubeta imepoa na hakuna aliyejua. Kiinitete kilichokaa katika nyuzi 25 huhitaji kama saa 30 kufika pale mwenzake wa nyuzi 28.5 anapofika kwa saa 24. Kwa hiyo usitegemee saa ya ukutani. Hesabu somiti, zile pingili zinazojipanga kuanzia nyuma ya kichwa kuelekea mkiani: 18 zinalingana na saa 18 za kawaida, 26 na saa 22. Mwongozo wa hatua hizi uliochapishwa na Kimmel na wenzake mwaka 1995 usikosekane mezani pako.

Nalisisitiza hili kwa sababu nalijali sana, na jeni ya egr2b itakuonyesha kwa nini. Katika ubongo wa nyuma, jeni hii ikitiwa rangi huonekana kama mikanda miwili, kwenye rombomeri (vipande vinavyofuatana vya ubongo huo) ya 3 na ya 5. Mikanda hiyo haitokei pamoja. Wa 3 hutangulia, wa 5 hufuata somiti za mwanzo zikiwa zinaanza kujitokeza. Mwanafunzi akiona mkanda mmoja kwenye samaki aliyebadilishwa jeni, moyo humruka: nimeufuta mkanda wa 5! Kumbe kiinitete bado ni kichanga. Dawa yake ni kuweka ndugu wa mtago mmoja, waliobadilishwa na wasiobadilishwa, wapitie rangi ileile kwa muda uleule, kisha uhesabu somiti za kila mmoja uliyempiga picha.

Rangi nayo ina hila zake. Kuanzia siku ya kwanza ubongo una mashimo yenye maji ndani, na rangi hupenda kunasa humo. Zambarau iliyotanda katikati ya ubongo bila mpaka haithibitishi kwamba jeni inafanya kazi hapo. Rangi huletwa na probu, kipande cha RNA kinachoshikamana na RNA ya jeni tunayoitafuta. Ndiyo maana kila mara tunatia pia, kwenye kiinitete kingine, probu ya upande wa pili, isiyoweza kushikamana na RNA ya jeni hiyo. Ikitoa rangi palepale, usiiamini rangi hiyo.

Wanaotumia samaki wenye GFP, protini inayong'aa kijani mahali jeni inapofanya kazi, wakumbuke kwamba protini hiyo huchelewa kung'aa na hudumu hata jeni ikishazimwa. Inaonyesha jeni ilipokuwa ikifanya kazi, si lazima ilipo sasa.

Kama unataka samaki wa zaidi ya siku moja, tia PTU, kemikali inayozuia weusi wa ngozi, ya asilimia 0.003 kabla ngozi haijaanza weusi, na uvae glavu kwa sababu ni sumu. Ondoa kiini cha yai, maana hung'aa chenyewe. Kilaze kiinitete ndani ya agarosi (aina ya jeli) laini, mgongo ukielekea lenzi.

Kisha anza kwa kupiga picha ya kontrola, yaani samaki asiyebadilishwa wa kulinganishia, na mipangilio ya mwanga usiiguse tena mpaka sampuli ya mwisho.