Maswali ya Wasomaji: Nani Ana Ruhusa ya Kubadili Maumbile ya Dubwana?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kibanda umiza kimoja hapa Kihesa, Iringa, tumezitazama kwa mfululizo filamu za Alien zilizotafsiriwa, na sasa tumegawanyika. Wenzangu wanadai kwamba dubwana lile limeharibiwa, kwa kuwa kila mwongozaji hulibunia njia mpya ya kuzaliana na kukua. Mimi naona mwenye hadithi huisimulia apendavyo. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana hoja, ila wameitandaza mno.

Filamu ya kwanza, iliyoongozwa na Ridley Scott mwaka 1979, iliwafundisha watazamaji kanuni chache zinazoshikamana: yai hufunguka, kiumbe mwenye vidole virefu humrukia mtu usoni na kumzungushia mkia shingoni, humpandikizia kijusi, na baadaye mtoto hutoka kwa kupasua kifua. Wahusika wanapojaribu kumkata yule wa usoni, damu yake inakuwa tindikali inayotoboa sakafu za chombo chao cha anga, nao wanakimbilia chini kuona itaishia wapi. Tangu hapo mtazamaji anajua kwamba kumjeruhi kiumbe huyu ni hatari sawa na kumwacha, naye anaanza kupiga hesabu pamoja na wahusika. Hofu yote ya filamu hiyo imejengwa juu ya hesabu hiyo.

Sasa tutofautishe kumjua kiumbe zaidi na kumgeuza kuwa mwingine. Kipunji, nyani wetu wa Mlima Rungwe, ambaye wanasayansi walimwona mwaka 2003 (wawindaji wa huku walikuwa na jina lake kabla ya hapo), alitangazwa mwaka 2005 akiwa amewekwa katika jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Lophocebus, na mwaka uliofuata, baada ya vinasaba vyake kuchunguzwa, akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Vitabu vilibadilika, nyani mwenyewe aliendelea na maisha yake msituni.

Kwa kipimo hicho, malkia mtaga mayai aliyeletwa na mwongozaji James Cameron katika filamu ya pili, mwaka 1986, ni halali. Scott alikuwa amepiga onyesho la wahanga wakigeuka kuwa mayai, lakini alilikata, na likarejeshwa ndani ya filamu katika toleo la mwaka 2003. Kwa hiyo Cameron hakupinga chochote ambacho watazamaji wa sinema walikuwa wameonyeshwa, bali alijibu swali la nani hutaga. Nakiri kwamba binafsi naona malkia alimpunguzia kiumbe ugeni wake, lakini hilo ni suala la ladha. Filamu ya mwaka 1992, ambamo kiumbe anazaliwa kutokana na mbwa na kukimbia kwa miguu minne, nayo ilipanua tu kanuni iliyokuwapo.

Lawama za wenzako zinastahili kuelekezwa kwa Alien: Covenant ya mwaka 2017. Humo muda wa kiumbe kukaa mwilini umefupishwa mno, mtoto anatoka akiwa tayari na mikono na miguu, na anayemtengeneza kiumbe ni David, mtu wa bandia. Mtazamaji aliyezoea kuhesabu muda amenyang'anywa hesabu yake, na kitu kilichotisha kwa kutojulikana kilikotoka sasa kina fundi wake.

SWALI: Je, hoja hiyo inamhusu Godzilla, dubwana la filamu za Kijapani, pia?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Inamhusu sana. Katika filamu ya Kimarekani ya mwaka 1998 alifanywa kuwa mjusi aliyebadilishwa na majaribio ya nyuklia ya Ufaransa, anayetaga mayai na kuuawa kwa makombora ya ndege, ilhali yule wa Japani wa mwaka 1954 hakutishika kwa silaha za kawaida. Kampuni ya Toho ya Japani, mwenye Godzilla, yenyewe ilimwita yule wa Marekani Zilla katika filamu yake ya mwaka 2004, ikamkutanisha na Godzilla mjini Sydney, na pambano likaisha kabla halijanoga. Hata hivyo, mwaka 2016 Toho hiyohiyo ilimwonyesha Godzilla akibadilika umbo hatua kwa hatua, akianza na macho makubwa ya samaki na kutambaa barabarani, na Wajapani wakaipokea vizuri, kwa kuwa mionzi ya nyuklia ilibaki kuwa chanzo cha uhai wake na cha hofu yao.