Mwanao Akitaka Kucheza Kikapu Indianapolis

Wazazi wenzangu mliofika Indianapolis karibuni, mtoto akianza kuleta habari za timu ya shule, msimkatalie mkidhani anapoteza muda, wala msimwachie ahangaike peke yake. Jimbo letu la Indiana linaupenda mno mpira wa kikapu wa sekondari, na kwa mtoto mgeni sijaona njia ya haraka kuliko hiyo ya kupata marafiki na watu wazima wa kumwangalia. Ila kuna makaratasi, na makaratasi hayo ni kazi ya mzazi.

Anzeni na fomu ya afya. IHSAA, chombo kinachosimamia michezo ya sekondari jimboni, kinataka mchezaji apimwe upya kila mwaka, na kipimo cha mwaka wa shule unaofuata kifanyike kuanzia Aprili 1. Mkimpima kiangazi mnakuwa mmemaliza. Masomo nayo yana mpaka wake: lazima afaulu asilimia 70 ya masomo yake. Mwenye masomo saba, basi afaulu matano. Kocha ampende vipi, chini ya hapo hachezi.

Linalowaumiza zaidi watoto wetu ni umri. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, na mwaka wenyewe pengine ulikadiriwa tu. Sheria inasema mchezaji asiwe ametimiza miaka 20 kufikia siku ya fainali za jimbo za mchezo wake. Fainali za kikapu cha wavulana huchezwa Machi. Kwa hiyo anayetimiza 20 Januari 1 anaukosa msimu wote wa kikapu, hata mechi za Novemba akiwa bado na 19. Lakini soka humalizika vuli, kabla ya Januari, na kijana huyohuyo anaweza kuicheza. Tena, akishaingia darasa la 9 anahesabiwa mihula minane tu mfululizo ya kuruhusiwa kucheza, acheze asicheze. Pigeni hesabu hiyo mapema pamoja na mkurugenzi wa michezo wa shule, mbele ya mtoto, asije akaipata habari katikati ya mwaka. Na mkitaka kuhama nyumba, muulizeni mkurugenzi huyo kabla ya kusaini mkataba, maana kubadili shule kunaweza kumzuia mtoto kucheza.

Mabinti wana timu zao. Tafadhali msiwanyime kwa sababu ya kazi za nyumbani ambazo kaka zao wanasamehewa.

Waambieni pia watoto habari za Crispus Attucks, shule iliyofunguliwa mwaka 1927 ili kuwatenga wanafunzi weusi wa jiji hili. Mwaka 1955, Oscar Robertson, aliyekuja kuwa nyota wa kikapu wa kulipwa, akiwa mchezaji wake, ilitwaa ubingwa wa jimbo, shule ya kwanza ya weusi watupu nchini Marekani kushinda mashindano ya jimbo yaliyo wazi kwa shule za weusi na za weupe. Sherehe yao haikuachwa ifanyike katikati ya jiji. Walipelekwa bustani ya mtaa wa weusi. Mwaka uliofuata walishinda tena bila kufungwa hata mechi moja. Mtoto mweusi anayevaa jezi hapa anastahili kulijua hilo, na ukumbi wa fainali zile, Hinkle Fieldhouse, bado upo Chuo Kikuu cha Butler.

Mechi nyingi huwa Ijumaa usiku. Mkiwa na zamu, pokezaneni, mmoja wenu awepo. Baada ya mechi msalimieni kocha, awajue kwa sura kabla hajawahi kuwapigia simu kwa sababu ya alama mbaya au goti lililoteguka.