Barua kwa mwanangu: kusali katikati ya kazi

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata. Sisi huku Kengeleni hatujambo, na mguu wa baba yako umepoa; jana alitembea mwenyewe mpaka kanisani. Swali lako la juzi limenikaa moyoni, ndiyo maana nakuandikia kirefu badala ya kukujibu kwa simu. Uliniuliza: "Mama, nasali nikiamka na nikilala. Katikati hapo siku nzima Mungu simkumbuki mpaka jambo liharibike. Hiyo nayo ni imani?"

Ni imani, mwanangu. Asiye na imani haumizwi na jambo hilo. Lakini usiridhike nayo ikiwa hivyo.

Shule ya Jumapili mlifundishwa habari za Nehemia na kuta za Yerusalemu. Mimi hupenda kurudi pale mwanzo wa sura ya pili, kabla ya kuta zenyewe. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, mwajiriwa kama wewe. Mfalme akamwona ana huzuni usoni, akamwuliza anataka nini. Biblia inasema Nehemia akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akamjibu mfalme. Kati ya swali na jibu hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti wala kufumba macho, na mfalme hakujua kitu. Sala ya namna hiyo inakufaa hapo ofisini, simu ikiwa sikioni na mteja anafoka kwamba kontena lake limekwama bandarini na gharama zinapanda kila siku. "Bwana, nipe jibu la upole." Vuta pumzi, halafu mjibu.

Ila usiiruke sura ya kwanza. Nehemia alipopata habari za Yerusalemu alilia, akafunga, akaomba mchana na usiku. Ulikuwa mwezi wa Kisleu. Mfalme alipokuja kumwuliza ulikuwa mwezi wa Nisani, kama miezi minne baadaye. Ile sala ya kufumba na kufumbua ilikuwa na miezi ya magoti nyuma yake. Kwa hiyo siafikiani kabisa na wanaosema Mungu anaangalia moyo tu, basi ukitamka "asante Yesu" ndani ya matatu yatosha. Moyo usiowekewa saa husahau. Danieli alikuwa mkubwa serikalini, na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yake yakielekea Yerusalemu. Wenzetu Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Nawe hapo Likoni adhana ya alfajiri inakufikia kitandani. Majirani zetu Waislamu wakiamka kuswali, amka nawe uombe. Mimi ndivyo nifanyavyo miaka yote.

Unga wa mahamri, unajua, naukanda kabla hakujapambazuka. Nikishautia iliki na tui na mikono ikazama humo, siwezi kushika simu wala kitu kingine, na hapo ndipo ninapowaombea watu. Kila donge lina mwenyewe: la kwanza la baba yako, la pili lako, kisha ndugu zako, kisha yule mama anayeuza mbaazi kando yangu, ambaye mwanawe anaumwa. Nikifika kwa mtu niliye na kinyongo naye, donge hilo hukandwa zaidi. Mafuta yakishapata moto nimemaliza, maana mafuta yanataka macho yote mawili. Kule Paris, karne ya 17, palikuwa na bruda, mtawa wa shirika la Wakarmeli, aitwaye Lawrence. Alipangiwa jikoni katika monasteri, kazi asiyoipenda, akajizoeza kuzungumza na Mungu hapo hapo kwenye masufuria. Alifariki mwaka 1691 na watu wanajifunza kwake hadi leo.

Wewe huna unga, una feri. Ukishaingia asubuhi, kila mtu ameinamia simu mpaka mfike ng'ambo. Wewe usiinamie. Tazama watu: kijana wa mkokoteni anayejifuta jasho kwa shati, mama aliyeweka ndoo ya samaki katikati ya miguu isipinduliwe, mtoto wa shule aliyekumbatia begi kifuani. Chagua mmoja umwombee mpaka mshuke. Huna haja ya kujua jina lake, Mungu analijua. Kisha ngoja lile sukumano la kushuka, uone kama utaweza kumpiga kumbo.

Umekulia karibu na kengele ya Frere Town, iliyoupa mtaa wetu jina. Ilikuwa ikipigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru, waliokuja kukaa hapa na wamisionari tangu miaka ya 1870, kwamba wavamizi wanakuja kuwarudisha utumwani. Fikiria aliyekuwa zamu. Ilimbidi aitazame bahari hata siku isiyo na jahazi lolote la kutisha. Yesu naye pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi wakeshe na waombe, wasije wakaingia majaribuni. Majaribu ya ofisini kwenu hayaji kwa kishindo. Ni bahasha ya "chai" juu ya faili, au mazungumzo ya kumsema mwenzenu aliyetoka kidogo. Ukiwa umeongea na Mungu saa nne, saa sita bahasha hiyo utaiona ilivyo.

Jioni usijibebeshe mengi. Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki wa karne ya 16, aliwafundisha watu kuipitia siku mbele za Mungu: kushukuru, kuangalia walipojikwaa, kuomba msamaha, kuomba neema ya kesho. Fanya hivyo ukiwa njiani kurudi, ungali macho. Usingizi ukikukuta katikati ya sala kitandani, lala, hujamkosea mtu.

Na siku nyingine utasali usisikie chochote. Sema Baba Yetu polepole mpaka mwisho, uende kazini. Usiipime sala kwa ulivyojisikia.

Anza na alfajiri na feri tu kwa sasa, mengine yatafuata. Baba yako anakusalimu. Na huyo mwenzako wa ofisini uliyesema hampikiki chungu kimoja, nitumie jina lake. Nataka nimtengee donge lake kesho.

Mama yako