Jibu: Kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe haiwaki kabisa

Ndugu, kwa kuwa umesema feni hazizunguki hata kidogo unapobonyeza kitufe cha kuwashia, ilhali taa ndogo ya ubao mama (bamba kuu linalounganisha vipuri vyote) inawaka, nakusihi usikimbilie kununua pawasaplai mpya, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Taa hiyo huonyesha kwamba zile volti 5 za kusubiri, yaani umeme mdogo unaokuwepo hata kompyuta ikiwa imezimwa, zinafika, ingawa haithibitishi kwamba volti 12 zinazoendesha feni na vipuri vikuu nazo ni nzima. Ningeanza na kitufe chenyewe: chomoa waya wake mwembamba ulioingia pembeni mwa ubao, tazama kwenye kitabu cha maelekezo ni pini zipi mbili hasa, kisha uziguse kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, basi kosa ni la kitufe, au waya ulichomekwa pini ya jirani, jambo la kawaida mno kwa jinsi maandishi yale yalivyo madogo. Isipowaka, chomoa umeme ukutani, kandamiza upya plagi ya pini 24 inayoleta umeme kwenye ubao mpaka kishikizo chake kinase, kisha uutoe ubao na kuujaribu juu ya kadibodi kavu, kwani skrubu moja iliyosahaulika chini yake yatosha kuleta shoti. Pawasaplai usiifungue kamwe. Kapasita zake, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.