Mwende, kabla hujajilinganisha na ile picha

Mwende mwanangu,

Nimesoma meseji yako mara mbili, ya kwanza bila miwani nikadhani ni mambo ya kodi ya nyumba. Unasema tangu uanze dayati mwezi wa kwanza unakasirikia kila mtu, unajifungia kwa choo cha ofisi unalia na hakuna mtu amekukosea, usingizi unakatika saa tisa usiku, sasa unauliza, mum, hii ni njaa ama ni depresheni ilikua imejificha siku zote? Alafu ukamalizia na kile kitu ulidhani kitanichekesha, ati umeweka ile picha yangu ya harusi ya Auntie Kanini kwa skrini ya simu na ukifika pale utaacha.

Ya depresheni nitakujibu, usiniharakishe. Lakini ya picha imenikera, sikufichi. Nimeamka nikaenda sebuleni nikaitoa ukutani nikaiangalia, alafu nikairudisha kwa sababu baba yako angeanza maswali.

Ile gauni ya pichi yenye mabega ya kufura haikua yangu. Ilikua 1996, na ilishonwa kwa vipimo vya Mutheu, unajua vile Mutheu alikua mwembamba, alafu yakatokea yale ya Mutheu na akatolewa kwa laini ya wasimamizi, na nyanya yako akasema pesa ya kushona ingine haiko, nani ataingia hii? Nikaangaliwa mimi. Fundi alikua Kenyatta Market, ile sehemu moshi wa nyama choma unaingia mpaka kwa kitambaa, nimesimama pale nimepandishiwa zipu mpaka katikati ya mgongo ikakataa, na fundi akasema, madam, ama uongee na zipu ama uongee na tumbo.

Kuna mwalimu mwenzangu akanipea karatasi ya fotokopi, dayati ya kabichi, zilikua zinazunguka sana hizo karatasi. Supu ya kabichi asubuhi, supu ya kabichi mchana, jioni supu na yai moja na strungi bila sukari. Na mimi ndio mwalimu wa homsayansi, najua protini na wanga kushinda huyo aliyeandika karatasi, lakini nguo ni nguo. Na usidhani najuta, hapana, sijuti, ile gauni iliingia na zipu ikapanda mpaka juu na fundi akapiga makofi.

Lakini wacha nikuambie vile kichwa changu kilikua. Nililia kwa matatu ya Umoja kwa sababu makanga amenirudishia noti imeraruka, watu wananiangalia, na si noti, nilijua si noti, lakini machozi yalikua yanatoka tu. Usiku nilikua nakata picha za rangi za mapishi kwa magazeti, nabandika kwa eksasaizi, biriani, samaki wa kupaka, keki za ghorofa tatu, vitu sijawahi kupika hata leo, hiyo eksasaizi bado iko chini ya kabati na baba yako huniuliza ni ya nini. Kanini akitafuna karanga chumba kingine nilikua naskia kila punje, na nilimchukia, dada yangu wa tumbo moja, nikamchukia kwa karanga. Ndio maana nimekuambia tangu ukiwa darasa la nne, tumbo likinyimwa, kichwa ndio kinalipa.

Nikadhani ni mimi tu. Miaka baadaye nikienda kuongeza masomo ndio nikakutana na habari ya utafiti wa njaa wa Minnesota, sijui kama nishakuambia, pengine nimekuambia, utaskia tena. Mwaka wa 1944, vita vya dunia bado vinaendelea, mwanasayansi mmoja wa Marekani anaitwa Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliokataa kubeba bunduki kwa sababu ya dhamira yao. Wakajitolea walale njaa kwa mpango, ili ijulikane vile watu wa Ulaya waliokondeshwa na vita watalishwa. Walichaguliwa wenye afya, na akili zao pia zikapimwa kwanza. Kwa wiki 24 walipewa kama kalori 1,570 kwa siku, mkate, viazi, na kabichi, naam, kabichi, na wanatembea kama kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Sasa si uzito ulionishtua. Ni vile walianza kulamba sahani, na kuchukiana kwa sababu ya vile mwingine anatafuna, nikamkumbuka Kanini na karanga zake, na wanaume wazima wanasoma vitabu vya mapishi kitandani. Mambo ya wasichana yakawatoka, vicheko vikawatoka, wengine wakazama kwa huzuni. Mmoja alijikata vidole vitatu na shoka na hata yeye mwenyewe baadaye hakuweza kusema kama alikusudia. Na walipoanza kulishwa tena kichwa hakikurudi haraka, wengine walizidi kusononeka kwanza. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mtu lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote mwili unatumia, sasa ukipunguza sahani unadhani nani ataanza kulalamika?

Ile programu yako ya simu inakupea ngapi? Uliniambia kalori 1,200. Hao walipewa zaidi ya hiyo na wakaitwa watu wa utafiti wa njaa.

Najua utaniambia mum, hao walikua wanaume, na walikua wembamba tayari, mimi niko na mafuta ya kutoa. Ni kweli, wala sitaki kukudanganya na habari ya watu 36 wa kitambo. Mtu akiwa na uzito mwingi na anapunguza pole pole, na kuna mtu anamwangalia, mara nyingi hata moyo unakua mwepesi, analala vizuri, magoti hayamsumbui. Si tuko na Auntie Kanini? Alivyoambiwa sukari imepanda akapewa chakula cha kupimwa, kidogo kushinda chako, na nilingoja aanze kulia kama mimi na hakulia, akaanza kuimba kwa kwaya tena. Na kule Uingereza utafiti ulitoka 2017, watu wa sukari walilishwa supu na vinywaji maalum vya kalori 800 na kitu kwa miezi kama mitatu mpaka mitano, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikua imerudi chini bila dawa. Kwa hivyo mimi nikisema dayati ni mbaya nitakua naongea uongo, na Kanini atanipigia simu.

Lakini Kanini alikua na daktari, na yule msichana wa lishe alikua anamuuliza kila mara, unalala? unalia? Wewe unaulizwa na nani? Programu inakuuliza kilo. Na tena hata hao wakubwa wa madawa waliteleza hapo, kulikua na dawa ya kukondesha inaitwa rimonabant, iliuzwa Ulaya kuanzia 2006, ikasimamishwa 2008 kwa sababu watu walikua wanakonda sawa sawa lakini wanaingia kwa depresheni, wengine wanawaza kujiua. Mizani ilikua inasema kila kitu kiko poa.

Sasa turudi kwa picha, maana sijamaliza nayo. Unaona nimecheka. Hiyo ilipigwa asubuhi nje ya kanisa, kabla ya chakula. Watu walikua wananiambia umependeza, umekua modo, na mimi natembea kama nimebebwa na upepo. Alafu tukaenda kwa tenti. Na wewe hujui miaka hiyo, nyinyi mmezaliwa mkapata dawa, lakini 1996 Nairobi mtu akikonda hakuna aliyefikiria dayati. Rais Moi alikuja kutangaza Ukimwi ni janga la kitaifa Novemba 1999, lakini mtaani sisi tulikua tushaanza kutangaza kitambo, tulikua tunatangaza na macho. Niko kwa foleni ya pilau, mama mmoja jirani yetu akanishika mkono hapa kwa kifundo, akazungusha kidole chake na kidole gumba kama anapima, akanong'ona, pole mwanangu, Mungu yuko. Nikamwambia niko sawa. Akasema ndio, ndio, najua.

Alafu meza ya wageni wa upande wa bwana harusi, yule mama alikua anapakua, kila mtu alipewa kijiko cha chuma. Mimi akanitafutia cha plastiki. Alikitafuta, Mwende, aliinama kwa kikapu akakitafuta.

Nilikula na hicho kijiko. Pilau yote, na nyama, na nikarudi foleni, na baba yako ambaye wakati huo alikua anajifanya ni rafiki tu wa bwana harusi alinikuta nakula akacheka mpaka akaniletea soda yake. Yeye husema alinipenda siku hiyo kwa sababu ya gauni. Uongo, alinipenda kwa sababu ya ile sahani ya pili, muulize vizuri. Lakini kile kijiko bado kiko hapa kooni. Siku moja, mwili mmoja, asubuhi modo, mchana maiti. Ndio nashangaa unaposema ukifika pale utaacha. Pale wapi? Mimi nilifika na sikuona kitu cha kukaa nacho, na kufika Desemba kilo zilikua zimerudi na zimekuja na ndugu zao.

Na najua hii yako ilianzia wapi, usiniambie ni afya. Ilianzia Machakos kwa ntheo, ile sherehe ya ndoa ya kimila, ya binamu yako, vile mjomba wako alisimama mbele ya watu akasema Mwende sasa anahitaji viti viwili. Mtu ambaye tumbo lake hufika mezani kabla yake! Baba yako alinishika mkono la sivyo ningesema.

Haya, depresheni. Inaweza kua njaa peke yake, vile nimekuambia. Inaweza kua ilikuwepo na dayati ikaipa kitu cha kushika, maana mtu akiwa chini kuhesabu hesabu kunamfanya aone kuna kitu anaweza, na hiyo ndio inaniogopesha kushinda hasira. Na damu yetu unaijua, ya mjomba wako wa Kibwezi sihitaji kuirudia. Kuna watu hula vizuri wiki kadhaa na ile giza inatoka, hao ilikua njaa. Kuna wenye wanakula na giza linabaki pale pale, hao wanaenda kuona daktari wa akili na hakuna aibu, ni hospitali kama hospitali ingine. Lakini kama kuna siku umewaza afadhali usingekuwepo, hiyo hatungoji wiki yoyote, unanipigia hata hiyo saa tisa usiku, simu yangu iko juu ya meza na sauti iko wazi.

Nataka kuandika wacha hiyo dayati. Nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Wewe ni mtu mzima unalipa kodi yako na bima yako, na pengine daktari akikupima atasema kweli kilo kadhaa zitoke, sukari iko kwa familia, mimi siwezi kujifanya haiko. Kwa hivyo siandiki. Nasema tu tumbo likinyimwa kichwa ndio kinalipa, na chako naona kimeanza kulipa, lakini mwenye hesabu ni wewe.

Kanini ana kliniki Alhamisi, na yule msichana wa lishe amekubali kukuona kama unataka. Sijamjibu.

Kabla nimjibu niambie hivi vitu. Siku zako za mwezi bado zinakuja ama zimekatika? Wenzako wa ofisi wakitoka lanchi unaenda nao ama unawaambia uko na kazi? Na mara ya mwisho umekula na mtu bila kuandika kwa simu ilikua lini? Nijibu hayo leo, hata kwa voisi kama kuandika ni shida. Kilo usiniambie, sijaziuliza.

Mum