Kiumbe mbele, wewe nyuma: maswali yenu ya Skyrim

Maswali ya wiki hii kuhusu gemu ya Skyrim yana ugonjwa mmoja: mnaita kiumbe kwa uchawi awakinge, kisha mnasimama naye bega kwa bega.

Kaka, Flame Atronach wangu (kiumbe wa moto) anakufa haraka mno. Nimwongezee nini? (Masasi)

Usimwongezee kitu, mbadilishe. Huyo kazi yake ni kurusha moto kwa mbali, hakuumbwa kupokea mapigo. Tena akifa analipuka, na aliye karibu anaungua. Wa kukaa mbele ni Frost Atronach, kiumbe wa barafu: mkubwa, damu nyingi, anamfuata adui mpaka usoni. Swali hili linarudi kila mara. Someni maelezo kwenye menyu kabla ya kuniandikia.

Ninaye Frost Atronach lakini majambazi wanampita wananijia mimi. Gemu ni mbovu? (Nachingwea)

Gemu ni nzima, unayekosea ni wewe. Skyrim haikupi uchawi wa kumlazimisha kila adui amwangalie kiumbe wako. Adui anahangaika na aliye karibu naye na anayemuumiza. Ukitangulia kurusha mshale, umeshajitangaza, halafu unamlaumu kiumbe ambaye hata hajafika. Mwache aanze yeye. Akishawashughulisha, ndipo uingie, tena kutoka pembeni, maana mishale yako inaweza kumpiga mgongoni. Moto usiutumie karibu naye kabisa. Ndio udhaifu wake.

Jambo la pili ni mahali. Kiumbe hutokea unapolenga, kwa hiyo mlenge miguuni mwa adui, si miguuni mwako. Ukiwekeza pointi zako za ujuzi kwenye Summoner, umbali wa kumwita unakuwa mara 2, baadaye mara 3. Mimi naona pointi hizo zina faida kuliko nyingi mnazokimbilia. Kwenye ujia mwembamba wa makaburi ya watu wa Nord, mwili wake peke yake unaziba njia. Ila hakikisha nyuma yako kuna pa kutokea, kwa sababu atakuziba na wewe vilevile.

Na uhesabu muda. Anakaa sekunde 60, na ukiwa na ujuzi wa Atromancy ni 120. Wengi mnauawa sekunde ya 61.

Namtibu Frost Atronach kwa uchawi wa Healing Hands lakini haponi. (Mikindani)

Uchawi huo hauponyi wafu, atronach wala mashine, na umeandikwa hivyo hivyo. Ita mwingine: anakuja na damu kamili, muda unaanza upya. Ndiyo maana nasisitiza magicka, yaani nguvu ya kufanyia uchawi, ya kutosha kuita mara mbili mfululizo. Mtu anavaa deraya nzito, magicka ameiacha 100 kama alivyoanza, halafu anataka kuishi kwa kuita viumbe. Haiwezekani.

Dremora Lord au Frost Atronach? (Kilwa Masoko)

Kuua, Dremora Lord, mpiganaji wa upanga anayeitwa kwa uchawi. Kukukinga, Frost. Conjuration, yaani ustadi wa kuita viumbe, ikifika 100 chukua ujuzi wa Twin Souls uwaite wote wawili.

Umeme ulikatika nikiwa ndani ya pango, kila kitu kimepotea. Nitarudishiwa? (Lindi mjini)

Hapana, ndugu yangu, na pole sana. Gemu hujihifadhi yenyewe ukipita mlango wa kuingia eneo jingine, ukilala au ukisafiri kwa ramani. Ndani ya pango refu huenda usipate hata kimoja kati ya hivyo. Kwenye kompyuta bonyeza F5, ya kuhifadhi haraka, kabla hujamwita kiumbe wa kwanza. Na kwa kuwa F5 inafuta nakala ya F5 iliyotangulia, ingia kwenye menyu uweke na nakala nyingine kamili.